Mji unaovuja haustahili bwawa jipya: nani anabisha?

#1 Chemchemi
Salaam, wadau. Kila tunapojadili miradi ya kisasa ya miji humu jukwaani, husifiwa mabwawa, mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, na mahandaki kama lile la Kuala Lumpur lililofunguliwa mwaka 2007, ambalo siku za kawaida hupitisha magari katika sehemu yake ya kati na mvua kubwa ikija hufungwa ili lipitishe mafuriko. Sijawahi kukuta uzi hata mmoja unaosifu kiungio cha bomba kilichozibwa.

Dai langu ni hili: mji unaopoteza theluthi moja ya maji ambayo umekwisha kuyavuta, kuyasafisha na kuyasukuma, usipewe fedha za bwawa jipya mpaka uzibe kwanza. Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ulikuwa ukipoteza asilimia 72 ya maji yake mwaka 1993, na miaka kumi na kitu baadaye upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6. Ikiwa mji uliotoka vitani uliweza, kwa nini mamlaka nyingi za maji bado hukimbilia kujenga kabla ya kuziba?

#2 Mkandarasi Mstaafu
Kwa sababu bwawa lina utepe wa kukatwa. Kiungio kilichofukiwa mita moja na nusu chini ya barabara hakina mahali pa kusimamisha jukwaa la wageni.

Hata hivyo nisiwaonee wanasiasa peke yao, maana nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi. Fedha za ujenzi na fedha za uendeshaji hutoka katika mifuko miwili isiyosalimiana. Mkopeshaji hupenda kazi yenye mwanzo na mwisho, mkataba mmoja, mchoro mmoja na tarehe ya kukabidhi, ilhali kazi ya kutafuta mivujo haina tarehe ya kukabidhi, kwa kuwa bomba ulilolitengeneza leo litazeeka kuanzia kesho. Ukimwandikia mkopeshaji kwamba unaomba fedha za kazi isiyokwisha, atakurudishia barua yako kwa heshima zote.

#3 Sikio la Usiku
Mzee amegusa penyewe, ila anazungumza kama mtu wa ofisini. Mimi ni fundi bomba, na kazi yangu huanza watu wakiwa wamelala. Kati ya saa nane na saa kumi usiku matumizi ya nyumbani huwa yameshuka kabisa, kwa hiyo maji yanayoendelea kuingia katika mtaa uliolala ni ya kutiliwa shaka. Hapo ndipo nachukua fimbo ya chuma, ncha moja naiweka juu ya koki au valvu na nyingine naitegea sikio. Bomba lisilovuja huwa kimya, au huvuma kwa mbali kama kombe la baharini. Bomba linalovuja hutoa sauti kali ya kuchirizika isiyokatika, na kadiri ninavyosogea koki hadi koki ndivyo inavyokuwa kali zaidi. Inapoanza kufifia tena najua nimelipita tundu.

Shida ni kwamba ufundi huu ulizaliwa na mabomba ya chuma, ambayo husafirisha sauti mbali. Mabomba ya plastiki huimeza. Unaweza kusimama hatua chache kutoka kwenye mpasuko na usisikie kitu. Kwa hiyo, Bwana Chemchemi, sababu mojawapo ya kutoziba ni kwamba hatujui tuzibe wapi, na masikio yanayojua yanastaafu bila kurithiwa.

#4 Mwanahesabu
Naomba kusahihisha mambo mawili katika bandiko la kwanza kabla hayajazoeleka.

La kwanza, maji yanayoitwa "yaliyopotea" si yote yaliyovuja. Kinachopimwa kwa kawaida ni tofauti kati ya maji yaliyoingizwa katika mtandao wa mabomba na maji yaliyoandikiwa ankara. Ndani ya tofauti hiyo kuna mivujo ya kweli, lakini pia kuna mita zilizochakaa zinazosoma pungufu, wateja waliojiunganishia kinyemela, makosa ya ankara, na maji halali yasiyolipiwa kama ya kuzimia moto. Wizi wenyewe si jambo la jana. Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya Roma mwaka 97 baada ya Kristo, alilalamikia watu waliotoboa mabomba ya umma kwa siri. Maji yaliyoibiwa hayakupotea ardhini, kuna mtu aliyeyanywa, na ukiuzuia wizi huo mtu huyo atahitaji kununua maji yale yale. Bwawa lako halitaongezeka hata ndoo moja, kitakachoongezeka ni mapato.

La pili, asilimia hudanganya. Chukua mji unaoingiza vipimo 100, watu wakatumia 80 na 20 vikavuja, hiyo ni asilimia 20. Wananchi wakihimizwa kubana matumizi wakashuka hadi 60, mivujo ikabaki ile ile 20, mji sasa unaingiza 80 na upotevu umekuwa asilimia 25. Mamlaka itaonekana imezorota ilhali hakuna tundu jipya hata moja. Ndiyo maana wahandisi makini hupendelea kuhesabu lita kwa kila kiungo cha mteja kwa siku, au kwa kila kilomita ya bomba, wakitaja na msukumo wa maji ulivyokuwa.

#5 Mama wa Ndoo Mbili
Samahanini wataalamu, mimi si mhandisi, ni mwananchi wa kawaida niliyeishi na mgao kwa miaka mingi. Maji hutoka siku mbili kwa juma, na siku nyingine bomba hukoroma tu. Siku ya zamu, kabla maji hayajafika, hutangulia upepo, na dira yangu huzunguka kwa kasi kwelikweli huku mkononi sina hata kikombe. Nalipia upepo. Halafu maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai, nayo yote huishia mfereji wa nje. Katika hesabu za ndugu Mwanahesabu, upepo wangu umeandikwa wapi?

#6 Mwanahesabu
Mama, umenishinda. Upepo wako umeandikwa kama maji yaliyouzwa, na kwa sababu hiyo unapunguza upotevu kwenye karatasi. Mita ya kawaida huhesabu kinachousukuma mzunguko wake, haiulizi kama ni maji au hewa.

#7 Sikio la Usiku
Swali la Mama ndilo ninaloliona kila siku, na nadhani ni sababu kubwa kuliko utepe wa Mzee. Mgao na mivujo vinalishana. Mtandao ukikosa maji ya kutosha, mamlaka hufunga valvu mtaa kwa mtaa ili kila mtu apate zamu. Valvu ikifunguliwa, maji huingia kwa nguvu katika bomba lililojaa hewa, na yakifika mwisho au yakikutana na valvu iliyofungwa ghafla, hugonga. Tunaita pigo la maji. Katika bomba gumu la chuma, mwendo wa maji ukikatizwa ghafla kwa mita 1 kwa sekunde, msukumo hupanda kwa kiasi cha safu ya maji yenye kimo cha takriban mita 100. Bomba lililozoea mita 30 au 40 halina deni la kuvumilia hayo mara mbili kwa juma. Hupasuka, mivujo huongezeka, maji hupungua, mgao hukazwa, na mapigo huongezeka.

Tena bomba likiwa tupu, matundu yale yale yaliyokuwa yakitoa maji huanza kunyonya kutoka nje, na nje kuna udongo na pengine mfereji wa majitaka. Rangi ya chai ya Mama huenda ni kutu tu, ila mimi nisingeinywa. Na kwa upande wa kazi yangu, bomba tupu halisemi. Nikienda na fimbo yangu usiku wa mgao nasikiliza kaburi.

#8 Chemchemi
Ahsanteni, na masahihisho ya Mwanahesabu nimeyapokea. Lakini maelezo ya Fundi yanaimarisha hoja yangu. Phnom Penh mwaka 1993 ilikuwa ikitoa maji takriban saa 10 kwa siku, na ilipopunguza upotevu ikafika saa 24. Waliziba, mgao ukaisha.

#9 Kingo
Chemchemi, unasimulia Phnom Penh kama hadithi ya watu na spana zao, nayo haikuwa hivyo. Katika miaka hiyo hiyo uwezo wa mitambo ya kusafisha maji uliongezwa zaidi ya mara tatu, mabomba makongwe yakafukuliwa na kuwekwa mapya kwa misaada na mikopo kutoka nje, Japani na Ufaransa zikiwemo, na bei ya maji ikapandishwa kwa awamu. Walijenga na waliziba kwa wakati mmoja. Ungewaambia wazibe kwanza ndipo wajenge, wangebaki na mgao ambao Fundi ametueleza hapo juu kwamba huzalisha mivujo mipya. Sharti lako lingewafungia katika duara lile lile.

Pili, kuziba hakuzalishi mvua. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, imezungukwa na ukame, na tangu mwaka 1968 husafisha majitaka yake hadi kiwango cha kunywewa na kuyarudisha moja kwa moja katika mtandao wa maji ya kunywa. Singapore ilizindua maji yake yaliyorejelewa mwaka 2003 huku mtandao wake ukiwa tayari miongoni mwa mitandao inayovuja kidogo kabisa duniani. Hao wa Singapore walikuwa wameshaziba, na bado walihitaji chanzo kipya. Mji unaokua hauwezi kuishi kwa kubana tu.

#10 Mkandarasi Mstaafu
Kingo amenisaidia, ila ameacha sehemu iliyo ngumu zaidi kuigwa. Mkurugenzi wa maji wa Phnom Penh, Ek Sonn Chan, alikuta orodha ya wateja ambamo maelfu ya majina hayakuwa na nyumba, na maelfu ya nyumba zilizopata maji hazikuwa na jina. Alianza kwa kutuma watu mlango kwa mlango. Baadaye alipokwenda kufunga dira nyumbani kwa jenerali mmoja, aliwekewa bastola kichwani. Alirudi na askari wenye silaha na akamkatia maji. Nimejenga matangi kadhaa maishani, sijawahi kujenga moyo wa namna hiyo, na hakuna mkopo unaouleta.

Kwa hiyo maelezo yangu ya utepe nayapunguza kidogo. Bwawa halimkasirishi mwenye nguvu yeyote mjini, isipokuwa wale wanaohamishwa bondeni, ambao kwa kawaida hawana sauti. Dira mpya kwenye lango la mkubwa humkasirisha siku hiyo hiyo.

#11 Tone Tone
Kabla hatujaendelea, naomba jukwaa liamue: ni dira au ni mita? Mama na Mzee wanasema dira, Mwanahesabu anasema mita. Baharia akiingia humu atadhani tumepotea njia baharini.

#12 Mama wa Ndoo Mbili
Ikisoma upepo iitwe dira ya pepo, ikisoma maji iitwe mita. Tuendelee.

#13 Mwanahesabu
Nakubali hukumu ya Mama.

Ninarudi kwa Kingo, ambaye ameuweka mjadala kama kwamba ni kuchagua kati ya kuchimba mabomba yote na kujenga chanzo kipya. Ipo njia ya tatu ambayo haijatajwa, nayo ni kupunguza msukumo. Tundu la mviringo katika bomba la chuma halibadiliki umbo, kwa hiyo ukiupunguza msukumo kwa nusu, uvujaji hushuka hadi kama asilimia 71 ya ulivyokuwa. Mpasuko wa urefu katika bomba la plastiki ni habari nyingine, kwa sababu msukumo wenyewe huupanua mdomo wake. Ukiupunguza kwa nusu, uvujaji unaweza kushuka hadi karibu theluthi. Hujafukua barabara, hujaziba tundu hata moja.

Mfano ni Khayelitsha, katika mji wa Cape Town. Mwaka 2001 waliweka valvu za kupunguza msukumo kwenye mabomba makuu yanayoingia eneo hilo, na wakaokoa takriban mita za ujazo milioni 9 kwa mwaka. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu kubwa ya uvujaji haikuwa barabarani. Ilikuwa ndani ya nyumba, katika koki na matangi ya vyoo yaliyoshindwa kuhimili msukumo mkubwa wa usiku. Fundi angeweza kutembea na fimbo yake barabara nzima na asiyakute.

#14 Sikio la Usiku
Hilo ni kweli na linanikera kidogo. Lakini valvu ya kupunguza msukumo nayo ni chombo. Ina kiwambo cha mpira ndani, ina kichujio kidogo kinachoziba kwa mchanga, na inahitaji mtu wa kuifungua na kuisafisha. Niliwahi kuitwa mahali ambapo wakazi wa mlimani walilia kukosa maji, nikakuta mtu ameipita valvu kwa kuifungua njia ya pembeni, kisha akafunga mfuniko na kuondoka. Wa mlimani walipata maji, wa bondeni wakapasukiwa mabomba kwa majuma matatu, na katika ripoti valvu ilikuwa "inafanya kazi".

#15 Mtandao Mpana
Nashangaa mpaka sasa hakuna aliyetaja teknolojia ya leo. Siku hizi vipo vihisio vinavyogandishwa kwenye valvu na kusikiliza usiku kucha, vikilinganisha muda ambao sauti ya mvujo inafika kwenye kimoja na kwenye kingine, na hivyo kukadiria tundu liko wapi kati yake. Zipo picha za rada za satelaiti zinazobaini unyevu wa maji ya bomba chini ya ardhi. Zipo mita zinazotuma usomaji zenyewe, bila msomaji anayeweza kuhongwa getini. Kwa vifaa hivi suala la masikio yanayostaafu limekwisha.

#16 Sikio la Usiku
Halijakwisha, ndugu yangu. Satelaiti inakuonyesha eneo la kupekua, haikuonyeshi tundu, na anayetumwa kwenda kupekua ni mimi. Vihisio ninavipenda, nimevitumia, na kwenye bomba la chuma vinanishinda. Ila vina betri, na siku betri inapokufa hakuna kengele inayolia. Kunakuwa kimya, na kimya hicho ofisini husomeka kama habari njema.

#17 Tone Tone
Hii inanikumbusha taa za barabarani za kuongozea magari. Katika nchi za theluji waliziondoa balbu za zamani na kuweka za diodi (LED) zinazotumia umeme kidogo, wakafurahi, mpaka majira ya baridi yalipofika na taa zikafunikwa na theluji. Kumbe joto lililoonekana kuwa hasara ndilo lililokuwa likiyeyusha theluji. Ninajua si maji, wasimamizi msinifute.

#18 Mtandao Mpana
Mfano wako unahusu kutofikiri mapema, haukatazi diodi. Na Fundi anasema betri hufa kana kwamba mafundi hawafi. Mamlaka ikiwa na ratiba ya kubadilisha betri, kihisio kimoja kitasikiliza kila usiku, ilhali binadamu atapita koki hiyo mara moja kwa mwaka akijitahidi. Mvujo wa lita 1 tu kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, na mpaka zamu ya fundi irudi baada ya mwaka zitakuwa zimepita zaidi ya mita za ujazo 500.

#19 Kingo
Hesabu hiyo ya Mtandao Mpana ilinifanya jana usiku nitoke na tochi. Mita ya nyumbani kwangu ina pembetatu ndogo nyekundu katikati ya uso wake, ambayo huzunguka hata maji yakipita kidogo sana. Nilifunga koki zote, nikaisimamia. Ilikuwa inazunguka, polepole, bila haya. Nikafunga koki ya kuingia chooni, ikasimama. Nikatia rangi ya chakula katika tangi la choo, na baada ya robo saa bakuli lilikuwa limegeuka bluu bila mtu kulivuta.

Kwa hiyo mimi mtetezi wa mabwawa nimekuwa nikivuja. Msimamo wangu haujabadilika.

#20 Mama wa Ndoo Mbili
Wewe una maji ya kuvuja saa saba za usiku? Tupe anwani ya mtaa wenu, tuhamie.

#21 Chemchemi
Kingo, pole, na hongera kwa kuripoti. Ninakiri kwamba sharti langu la "ziba kwanza" limekaa vibaya, kwa kuwa mji wenye mgao hauwezi hata kusikiliza mabomba yake. Lakini sioni kwamba nimeshindwa. Mwaka 2006 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea maji yanayovuja ni takriban mita za ujazo milioni 45 kila siku, kiasi cha kuwatosha karibu watu milioni 200. Hata tukitoa nusu kwa sababu ya ubovu wa makadirio, hakuna bwawa la kushindana na chanzo hicho, na tayari kimesafishwa.

#22 Mkandarasi Mstaafu
Kimesafishwa, ila hakiko mahali pamoja. Bwawa ni tundu moja kubwa la kujaza, mivujo ni matundu laki kadhaa ya kuziba, na kila moja lina barabara juu yake na mwenye barabara. Kuna pia suala ambalo hakuna anayelipenda. Maji yakiuzwa kwa bei ndogo, lita iliyookolewa ina thamani ndogo kuliko mafuta ya gari la fundi aliyekwenda kuiokoa. Mhasibu atakwambia acha livuje, na kwa vitabu vyake atakuwa sahihi. Sharti lilipaswa kuwa juu ya bei kabla ya kuwa juu ya bwawa.

#23 Mwanahesabu
Hapo, Mzee, sikubaliani nawe. Katika mji wenye mgao, lita iliyookolewa haipimwi kwa bei ya ankara. Ipimwe kwa bei anayolipa aliyekosa, yaani kwa mwenye kuuza maji kwa gari au kwa mkokoteni, ambayo huwa mara kadhaa ya bei ya bomba. Mhasibu wako anatumia kipimo cha mji wenye maji ya ziada katika mji usio nayo.

#24 Mkandarasi Mstaafu
Fedha za mwenye mkokoteni haziingii katika akaunti ya mamlaka. Haki ya aliyekosa maji ninaiona, ila mafuta ya gari la Fundi atayanunua nani?

#25 Sikio la Usiku
Swali hilo naliacha kwenu hadi kesho. Leo nina mtaa mmoja wenye maji usiku kucha, wa kwanza baada ya majuma matano, na wamenipa hadi saa kumi kabla hawajafunga valvu. Mtandao Mpana, kama una vihisio viwili vyenye betri hai, niazime.